Mshale Uliolala Asubuhi za Baridi

Jambo hili linanichosha hata kulisimulia. Mwingereza alikuwa bado yupo, nami nilikuwa dereva wa mzee mmoja wa Uru, juu mlimani, mkulima wa kahawa, mtu wa misa kila Jumapili. Gari lenyewe alilinunua kwa mzungu mwenye shamba aliyekuwa anarudi kwao, na mzungu haachi kitu mpaka akikamue. Mimi ni mtoto wa Moshi mjini, Mwislamu, baba yangu fundi viatu. Kila alfajiri napanda Uru kwa miguu, nafika miguu haina hisia, ndipo kazi inaanza.

Asubuhi nakusanya mikungu ya ndizi kwa majirani, naishusha sokoni, napanda, nashusha tena. Mchana jua likiwa kali, Mzee anaingia, tunateremka wote Kahe kwenye mashamba yake ya mahindi. Ndiyo maisha. Mtu akiniuliza habari namjibu nzuri, maana ukianza kueleza uchovu utamaliza lini?

Basi spidomita ikaanza kulia. Inatoa mlio mwembamba ndani ya dashibodi, wiii, wiii, mpaka meno yanakufa ganzi. Nikamwambia Mzee, "Mzee, ule waya unaotoka kwenye giaboksi kuja kuzungusha mshale umekauka. Unataka mafuta." Akasema nimwachie, nisipoteze muda mjini. Kesho yake akaniambia, "Nimeshatia." Kweli mlio ulikwisha. Nikashukuru Mungu, nikasahau.

Zikapita wiki. Baridi ya mwezi wa saba ikashuka, ukungu umelala juu ya migomba. Jumapili moja, akitoka kanisani, Mzee aliniita pembeni. Jirani yake, naye ana gari, alikuwa amemfungua macho: madereva wa siku hizi wanachomoa waya wa spidomita, wanafanya safari zao za wizi, maili hazionekani, halafu wanaurudisha.

"Petroli yangu inaisha," Mzee akasema. "Nimetazama maili. Zimesogea kidogo mno. Siku za mwizi ni arobaini, dereva."

Yarabi! Mimi? Mzee hakunifukuza palepale, alisema atafikiri. Lakini nilijua linalonisubiri. Moshi ya wakati ule dereva akitajwa kuwa mchomoa waya, hakuna atakayempa ufunguo, si Mhindi wa duka, si mkulima wa mlimani. La kuvunda halina ubani. Nilikuwa na mke na watoto, na mikono yangu haikujua kazi nyingine.

Kesho yake asubuhi nikiwa peke yangu nilitazama mshale. Umelala chini, kimya, gari linakwenda. Loo, kumbe kweli! Mchana nikamwomba Mzee aje ashuhudie. Tukateremka Kahe, joto linachemka, na ule mshale mwanaharamu ukainuka, ukacheza, namba za maili zikazunguka vizuri kabisa. Mzee aliutazama, akanitazama.

"Leo unafanya kazi," akasema, "kwa kuwa nipo."

Nilitamani kulia, mtu mzima mimi.

Nilirudi nyumbani nikalala bila kula. Mke wangu akauliza, nikamwambia gari bovu. Lakini akili ilikuwa haitulii: juu unalala, chini unaamka, asubuhi unalala, mchana unaamka. Si Mzee anayeuamsha. Ni joto.

Alfajiri iliyofuata nilimkuta Mzee amejifunga blanketi, anapasha mikono motoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamsihi aingie garini kabla ya ndizi, kabla ya chochote. Alinung'unika, akaingia. Tukazunguka kwenye ukungu, mshale haukusogea hata unywele, na yeye amekaa ubavuni mwangu anaona.

"Ala!" akasema.

Tukarudi uani. Nikafungua nati nyuma ya spidomita, nikachomeka kijiti nikakizungusha kwa vidole: mshale ukaruka. Spidomita nzima, haina kosa. Nikaingia chini ya gari, mgongo kwenye matope baridi, nikafungua upande wa giaboksi. Waya ulikuwa umefungwa barabara, hakuna aliyeuchomoa. Nikauvuta utoke kwenye ala yake, lile bomba linaloufunika. Haukutaka kutoka. Ulipotoka ulikuwa umevikwa kitu cheupe, kigumu, na harufu yake, wallahi, ilinikumbusha sikukuu ya kuchinja.

"Mzee, hii ni nini?"

Akainama, akakinusa. "Si ulisema mafuta?"

Mafuta ya mbuzi! Pale nyumbani kwake yalikaa kwenye kibuyu karibu na moto, na yalipakwa kila kitu: bawaba za mlango, ngozi, visigino vilivyopasuka. Mzee aliyayeyusha, akayamimina. Kahe yanayeyuka, waya unazunguka. Uru baridi inayagandisha, waya unakuwa mzito, na ncha yake iliyolika inateleza bure ndani ya giaboksi. Mke wa Mzee alisikia, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka. Nikauosha waya kwa mafuta ya taa, nikaupaka grisi kidogo, nikaurudisha. Tulipotoka tena, mshale ulipanda kwenye baridi ileile.

Mzee alikwenda kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba lake la migomba nyumbani, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akanipa kwa mikono miwili. Mlimani, mtu akikupa sale anakuomba msamaha, na hukatai, hata awe amemwaga damu ya nduguyo. Mimi si Mchaga lakini nimekulia chini ya mlima ule, najua uzito wake. Nikalipokea. Nikasema, "Yameisha, Mzee." Na kwangu yalikuwa yameisha. Siku ile nilishuka mjini mwepesi.

Asubuhi iliyofuata nilifika nikakuta mlango wa gari wazi. Mzee ameinama ndani, blanketi mabegani, midomo inachezacheza, anasoma namba za maili moja moja ili azishike kichwani. Aliponiona akajinyoosha.

"Naangalia tu kama imepona," akasema.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. Nikapakia ndizi. Nilifanya kazi kwake miaka mingine mingi, na kila asubuhi niliyofika nilimkuta ameshaangalia.