Nilivyopeleka Maombi Gitothua

Nikipita Gitothua siku hizi navuta kofia mpaka machoni, na sababu ni kitabu ambacho sikukisoma. Ndiyo, chekeni tu, hata mama yangu bado anacheka, naye alikuwepo.

Mimi ni fundi wa simu mjini Thika, na vitabu tulikuwa tumeachana tangu shule, mpaka nilipomtengenezea simu dada mmoja wa Ruiru aitwaye Njoki, akaniambia ana kikundi kinachosoma riwaya mpya za dunia nzima, mwezi huu Korea, mwezi ujao Chile, nami nikasema papo hapo kwamba riwaya za Chile ndizo ugonjwa wangu (Chile yenyewe sikujua iko upande gani). Nilimpenda, ningefanyaje? Miezi mitatu nikaishi kwa kusoma jalada la nyuma na kutikisa kichwa wengine wakiongea.

Mwezi wa nne tukapewa riwaya ya nchi fulani ya baridi, nene kama tofali, nikaiweka chini ya redio kibandani. Alhamisi moja nikafungua simu nikakuta Njoki ameandikia kikundi: "Mzee ameenda. Nimelia mpaka mathe akakuja kuniangalia. Jumamosi saa nane mkuje kwetu, tuongee juu yake." Chini yake wengine: "Pole Njoki." "Nilijua hatatoboa, hiyo kikohozi ilikuwa mbaya."

Nikajua ni babake. Ningeuliza tu, lakini niliona kuuliza ni kukiri kwamba sifuatilii, kwa hiyo nikafanya vile sisi hufanya, nikamwambia mama, mama akawaambia wenzake wa kanisa pale mtaani kwetu Landless, na Jumamosi tukatua kwa kina Njoki, mtaa wa Gitothua kule Ruiru, watu saba, mimi na suti nyeusi ya kuazima iliyonibana kwapani, akina mama na sufuria ya mukimo na thamosi mbili za chai, na wimbo wa maombolezo tukauanzia getini.

Njoki akafungua mlango ameduwaa. Wanakikundi walikuwa wameketi na vitabu mapajani, wakadhani ni maigizo yangu, wakapiga makofi. "Wee, Kamau ameleta mpaka kwaya!"

Nilidhani ni uchungu unawachanganya. Nikasimama katikati ya sebule. "Mzee alikuwa baba yetu sote," nikasema. "Mpole, mcha Mungu, mtu wa familia."

"Mpole?" akauliza mwalimu mmoja wa kikundi. "Si aliua ndugu yake na shoka?"

"Na akachoma kanisa," mwingine akaongeza.

"Ngai!" akina mama wakashika vifua.

Mimi nami, badala ya kuketi, nikasema marehemu hatumsemi vibaya jamani, tufumbe macho, nikaanza kumwombea mjane wake, nikimtaja Mama Njoki aliyeketi pale. Niko katikati ya maombi nikasikia gambuti zinaingia kutoka jikoni. Nikafumbua jicho moja. Babake Njoki alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa.

"Hiyo maombi ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako," Mama Njoki akamjibu. "Nimeambiwa mimi ni mjane."

"Kamau," mama yangu akaninong'oneza, nyumba nzima ikasikia, "kwani nani amekufa?"

Ni Njoki aliyeelewa kwanza. "Kamau, ulifika page ya ngapi?"

"Jalada," nikasema.

Walicheka mpaka mwalimu akadondosha miwani. Mzee alikula sahani mbili za mukimo, akisema si kila mtu hupata kuonja chakula cha matanga yake. Njoki peke yake hakucheka. Alinisindikiza hadi getini akasema, "Miezi mitatu umekuwa ukinidanganya. Usinipigie kama hujamaliza hiyo kitabu." Nilirudi Landless nikiwa nimebeba sufuria tupu na aibu, na sikulala vizuri wiki nzima.

Nikakisoma. Wiki tatu, kati ya mteja na mteja. Yule mzee wa riwaya, na ubaya wake wote, anakufa peke yake kwenye zizi, na hakuna anayekuja, hata jirani. Nililia pale kibandani nimeshika simu ya mtu, kisha nikampigia Njoki.

"Mbona hakuna mtu alienda kwake?" nikamuuliza.

Nikamsikia akicheka. "Wewe ulienda," akasema. "Na mukimo."

Siku hizi nasoma mpaka ukurasa wa mwisho, na simpi mtu pole kabla sijauliza jina la marehemu.