Vikombe Tisa vya Mzee Elphas

Mimi ndiye niliyevigawa vikombe vya Mzee Elphas, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa waongo wa mtaa wa Malaz.

Elphas ni dereva wa nyumba, mtu wa Vihiga, Kenya. Ameendesha magari ya familia moja ya Kisaudia miaka ishirini na minane, kumi na mitatu Jeddah na iliyobaki hapa Riyadh, ambapo tumelala chumba kimoja cha madereva chini ya jengo. Enzi zile Jeddah kulikuwa na mkahawa uliojengwa kwa mtindo wa visiwa vya Pasifiki: paa la makuti, ngoma ukutani, na juisi ya nanasi inaletwa ndani ya kikombe cha udongo chenye uso wa mtu, macho makubwa, meno nje. Vikombe hivyo huitwa tiki. Kila Alhamisi bosi aliipeleka familia kula, Elphas akabaki garini. Jioni moja Lujain, bintiye bosi, mtoto wa miaka saba, alitoka mbio na kikombe chake kimejaa juisi. Akamwambia anywe, na kikombe akae nacho. Mzee hakuwahi kukanyaga ndani ya mkahawa ule hata siku moja, lakini ukimsikia akiusimulia utadhani aliezeka yeye.

Wiki hiyo alipiga simu nyumbani, akamwelezea binti yake mwenyewe, Joy, aliyekuwa na miaka sita. Joy alicheka mpaka akakohoa, kisha akakitaka. "Nitakuletea nikirudi kabisa," Mzee akaahidi. Tangu hapo kila simu ilianza na swali moja: "Baba, kikombe kinakuja lini?" Mzee alilipenda swali hilo kuliko salamu. Likizo alienda, kila baada ya miaka miwili, lakini kikombe alikiacha huku, maana ahadi ilikuwa ya kurudi kabisa. Na mkataba ukiisha, anaongeza mwingine. Mara karo, mara nyumba, mara mazishi ya mkewe.

Mkahawa ulipofungwa, mhudumu mmoja Mfilipino alimuuzia vikombe viwili, na hapo ugonjwa ukaanza. Ijumaa, sisi tukifua nguo, yeye yuko haraj, soko la mitumba, anapekua katikati ya mabirika na redio zilizokufa. Hoteli fulani ya mtaa wa Olaya ilipokarabatiwa, akapata vingine kwa mlinzi. Kila kimoja alikipindua atazame mhuri, akakigonga kwa ukucha na kusikiliza. "Hiki ni cha juzi, mafi, sitaki," anamwambia muuzaji, anakirudisha. Nilimcheka sana. "Mzee, wenzako wanapeleka TV nyumbani, wewe utapeleka mashetani tisa?"

"Fidel," akanijibu, "wewe huna kumbukumbu, una njaa tu."

Mwezi uliopita karatasi zake za kuondoka kabisa zikatoka. Sasa, sisi madereva tuna desturi yetu. Anayekwenda moja kwa moja, kilicho sandukuni ni chake, kilicho kitandani ni cha wanaobaki. Blanketi, sufuria, pasi, unachukua bila kuuliza, na kuuliza ni kumwaibisha. Jumatano Mzee alikwenda benki na bosi. Nikaingia chumbani nikakuta vikombe vyote tisa vimepangwa kitandani, kila kimoja juu ya gazeti lake. Nikasema, alaa, kumbe Mzee ana moyo! Nikawaita vijana. Nusu saa, halas, kwisha, kitanda kitupu.

Mzee aliporudi hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisimama akitazama yale magazeti.

"Cha Lujain amechukua nani? Kile chenye sikio lililomeguka."

"Mzee, si ulikuwa umeviweka kitandani?"

"Sanduku liko kwa fundi wa zipu, Fidel. Ningeviweka wapi?"

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu alinijia mchana kweupe. Nilikimbia jengo zima nikigonga milango, na kufikia magharibi vinane vilikuwa vimerudi, kimoja bado kina majani ya chai. Cha tisa, chenyewe kile, kilikuwa kwa Timothy, dereva mgeni aliyepita kutusalimia mchana huo akiwa njiani kumpeleka bosi wake Jeddah. Ndege ya Mzee ilikuwa Jumapili. Kiletwe na mtu wa mizigo? Mzee akakataa katakata. Nikamwomba ruhusa madam ninayemwendeshea, nikakata tiketi mbili za basi kwa hela yangu, na asubuhi ya Ijumaa tukashuka Jeddah tukiwa na migongo ya kuuma.

Timothy alikuwa amekivika kikombe soksi na kukigeuzia ukutani.

"Kilikuwa kinaniangalia nikilala, Mzee. Haki ya Mungu, kichukueni."

Mzee alikivua ile soksi, akapitisha kidole kwenye sikio lililomeguka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Akataka tupite pale palipokuwa na mkahawa. Siku hizi ni duka la dawa. Akanionyesha hata mahali alipokuwa akiegesha gari, akasimama hapo hapo na kumpigia Joy simu ya video.

Joy akatokea, mwanamke mzima, mtoto mgongoni. Mzee akainua kikombe mpaka kikajaza kioo.

"Umekiona? Ndicho hiki. Nakuja nacho."

Joy alimsogeza mtoto mgongoni, akaisogelea simu.

"Baba, mimi sikuwa nataka kikombe."

"Hukukitaka vipi, na kila simu ulikiulizia?"

"Mama alitukataza kukuuliza unarudi lini. Alisema utaumia huko peke yako. Ndiyo nikawa naulizia kikombe."

Mzee alikishusha kikombe taratibu, akanipa mimi nikishike, ili Joy amwone yeye.

"Jumapili, mama," akasema. "Nafika Jumapili jioni." Halafu akalia, pale pale mbele ya duka la dawa, watu wakipita na mifuko yao.