Injera Isiyo na Macho

Jumanne asubuhi rojo la unga wa nafaka ya teff lilikuwa limechachuka sawasawa. Bezawit, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme, alilibeba kwa ndoo mpaka maabara ya chuo, katikati ya Addis Ababa, akaiwasha mitadi yake. Mwaka mzima alikuwa akiunda sahani hiyo ya udongo, inayooka injera, mkate wa rojo hilo, kwa nusu ya umeme wa zile za dukani. Jopo la watahini likiipitisha, anahitimu. Likiikataa, anarudia mwaka.

Saa nne katibu wa idara akachungulia mlangoni. "Dada, jopo limeitwa wizarani. Kesho, bila kukosa."

Jumatano: "Kesho."

"Kesho hili rojo litakuwa siki!"

"Liweke kwenye friji."

"Friji ya humu ilikufa nikiwa mwaka wa kwanza."

"Na wewe si mhandisi? Itengeneze!"

Alhamisi walikuja, watatu, wakiongozwa na Dokta Zewdu. Bezawit akawahi kusema, "Dokta, samahani, rojo limepitiliza siku zake. Naomba tupime joto tu."

"Mwanangu, tumekuja kuona injera. Mimina."

Akamimina. Injera ikaiva bapa na laini, bila kijitundu hata kimoja juu.

"Macho yako wapi?" akauliza Dokta Zewdu. "Hii mke wangu angenirushia usoni."

"Ni rojo, Dokta. Tazama kipimajoto: katikati na ukingoni ni sawasawa."

"Tunakula injera tangu hatujaota meno. Isipokuwa na macho, joto halisambai."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alikuwa amekwishamega kipande. Mwingine akaulizia mchuzi wa shiro. Waliimaliza yote, wakafuta vidole, wakaandika kwamba mashine irekebishwe, ionyeshwe tena mwakani.

"Jumatatu nitakuja na rojo jipya," Bezawit alisema.

"Jumatatu tuna kikao."

Nyumbani, mtaa wa Kolfe, mama yake alikanda unga upya bila kuuliza. Jumapili wakaoka kwa mitadi ileile, aliyoirudisha kutoka maabara. Macho yalitapakaa injera nzima, mpaka ukingoni. Bezawit akapiga picha, akamtumia Dokta Zewdu.

Jibu lilikuja upesi: "Safi sana! Unaona? Ulipoirekebisha imekubali."

Bezawit aliigeuza simu kifudifudi mezani. Hakuwa amegusa hata skrubu moja.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Mimina nyingine, mama."