Kondoo wa Mayu Milembe na kibuyu cha Minza

Kompyuta imekataa tena, na Minza Ndaki anacheka. Mstari mwekundu umetokea pale alipojaribu, kwa makusudi, kumwingiza mbuzi kwenye kumbukumbu za kondoo.

"Heri inigombeze hapa chumbani kuliko inyamaze, tukaumbuke zizini," anasema.

Mchana Minza, mwenye miaka 27, hutoa fotokopi kwenye steshenari mjini Bariadi. Jioni huandika programu ya kuwatumia wafugaji wa Sapiwi ujumbe wa simu kuhusu tarehe za chanjo. Hakuna anayemlipa. Leo anairudisha kwao kwa woga, maana toleo la kwanza lilileta msiba.

Lile aliliandika kwa ng'ombe, akanakili kwa mbuzi, kisha kwa kondoo. Alipogundua kosa la tarehe, alirekebisha kwa ng'ombe na mbuzi. Kondoo akawasahau. Mjane mmoja, Mayu Milembe (mayu ni mama kwa Kisukuma), akapata ujumbe kwamba chanjo bado sana. Kati ya kondoo wake saba, wanne wakafa.

"Nililia kama nimefiwa," anasema Minza. "Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka."

Safari hii ameandika mara moja tu. Lugha ya kompyuta anayotumia hudai kila kitu kitajwe aina yake mapema. Lakini humruhusu pia kuunda muundo mmoja wenye nafasi wazi, na kuitaja aina ya mnyama wakati wa kuutumia. Muundo huo ameubatiza Kibuyu.

"Nyumbani vibuyu vyote ni umbo moja," anaeleza. "Ila ukitia togwa kwenye cha maziwa, mama anakufukuza jikoni! Na kosa nikilirekebisha kwenye Kibuyu, limerekebishwa kwa wanyama wote."

Huko Sapiwi, Mayu Milembe anamsikiliza huku akichambua pamba, hamtazami.

"Ya kibuyu nimeyasikia," anasema hatimaye. "Hawa wangu watatu waliobaki, safari hii watakuwa wa ngapi kukumbukwa?"

"Hakuna wa ngapi, mayu. Wote wanapita mlango mmoja."

Mama huyo anafungua fundo la kanga, anatoa simu yake ya kitochi.

"Haya, andika, ng'wana wane, mwanangu. Ila anza na kondoo."

Minza ana mpango wa kuongeza punda na kuku kabla ya msimu ujao wa pamba. Hayo ni ya baadaye. Sasa anafuta macho kwa mkono wa gauni, na kuandika: kondoo, watatu.