Mama Hewani na Masafa Mawili

Mtangazaji ambaye watu wote walimwita Mama Hewani alijifunza kusema akiwa msichana, kwenye mashine ya kusaga unga ambako mama yake alifanya kazi. Mashine ile ilinguruma kutwa. Aliyetaka kusikika alikuwa na mawili: apige kelele mpaka koo limkauke, au aseme maneno machache na kila neno alimalize mpaka silabi ya mwisho. Mama yake alikuwa wa namna ya pili, na binti akafuata hukohuko.

Basi alipoajiriwa kupokea simu kwenye kituo kikongwe cha redio, haukupita muda mrefu mkuu wa matangazo wa enzi hizo akapiga simu kuulizia gari lake lililochelewa. Aliposikia sauti iliyompokea, akasahau habari ya gari.

"Hivi wewe ni nani? Na nani kakuweka mapokezi?"

Wiki hiyohiyo wakamwingiza studio.

Kituo kilirusha matangazo kwa AM peke yake. Masafa ya AM yanakwenda mbali, yanavuka milima na mto, ila njiani yanachakaa. Aliyemweleza hivyo ni fundi mitambo, mtu mwembamba mwenye maneno ya kupima, aliyepoteza jina lake siku nyingi zilizopita kwa sababu mfuko wa shati lake ulikuwa na kipande cha waya wakati wote. Wakamwita Fundi Waya.

"Dada, wale wa ng'ambo ya mto wanakupata umekwaruzwakwaruzwa," alimwambia. "Ukinong'ona, umewaacha. Sema kama unamwita mtu aliye shambani, lakini usimkaripie."

Na ndivyo alivyosema, miaka nenda miaka rudi. Mwaka ambao mto ulifurika ukabomoa daraja na simu zikawa bubu, alikaa kwenye kipaza sauti tangu alfajiri mpaka jua likazama. Alirudia njia zipi zinapitika, shule gani imefunguliwa kwa waliokimbia maji, nani anamtafuta nani. Alikula ndizi moja, nayo aliila wakati tangazo la sabuni likipita. Kuna mama aliyekuwa amepotezana na mumewe, kila mmoja akiamini mwenzake ameshakwenda na maji. Walikutanishwa na sauti yake, wakakumbatiana mbele ya watu bila haya. Jina la Mama Hewani lilianzia hapo, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Kwa hiyo meneja mpya aliposema kwamba kituo lazima kihamie FM, Mama Hewani alimjia juu.

"FM ni ya muziki na umbea," alisema, mikono kiunoni, katikati ya ukumbi. "Mnara wake unaona mji tu. Ng'ambo ya mlima hauoni hata paa. Mnataka niwape mgongo watu wangu?"

"Mama, mjini hatusikiki," meneja alijibu kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtambo wa zamani unaobugia umeme na wafanyakazi wa kuwalisha. "Sina nguvu ya kulea mitambo miwili. Tuwashe mpya, tuzime wa zamani, yaishe."

"Nani kakwambia hatusikiki? Mwanangu anakaa mjini katikati, ananisikiliza kila siku. Kila nikimpigia ananiambia, mama, leo umetangaza vizuri."

Mama Hewani akapita ofisi kwa ofisi akiwatia watu maneno, na kabla ya mkutano mkuu wa kituo alikuwa na kundi zima nyuma yake.

Katikati ya kampeni hiyo binti yake akajifungua. Mama Hewani akachukua likizo, akaenda kumsaidia kulea. Binti alikaa ghorofa ya nne, nyumba nzuri yenye madirisha makubwa, friji, na taa zile nyeupe zisizopata moto. Asubuhi ya kwanza, mtoto ameoga na kulala, bibi akatamani kumsikia mtangazaji aliyeshika nafasi yake. Akachukua redio ya jikoni, akatafuta AM.

Redio ikakaanga. Hakuna neno, ni mlio mtupu kama mafuta yanayoingia maji. Akaipeleka dirishani, ikakaanga. Akaiweka juu ya kabati, akaizungusha, akanyoosha antena mpaka ikamchoma mkwe wake ubavuni akipita kwenda kazini. Ikakaanga.

"Redio yenu mbovu," akasema.

"Siyo redio, mama," binti akajibu kutoka chumbani. "AM humu ndani haishiki. Ni hizi taa, na lifti, na sijui nini. Jengo zima liko hivyo. Hata redio ya gari letu ni..."

Akakatisha. Alikuwa amesikia alichokisema. Akatokea mlangoni na mtoto begani, macho chini.

Mama Hewani aliweka redio mezani taratibu. "Sasa wewe huwa unanisikilizia wapi?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Ile siku uliyosema nimemhoji daktari vizuri, ulinisikilizia wapi?"

"Sikukusikia. Tangu tuhamie hapa sijawahi kukusikia." Binti akaanza kulia, na mtoto naye akaamka akamsaidia. "Ningekwambiaje? Kila ukipiga simu sauti yako inaningojea nikusifie. Nikaona bora nikufurahishe."

Kwa hiyo alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwanawe wa kumzaa! Mama Hewani alikaa kitini. Siku ile nzima alifua nepi za mjukuu na kuzikamua kwa hasira mpaka karibu zichanike. Kilichomuuma zaidi kilimjia akiwa anazianika kwenye kibaraza. Chini yake majengo yalipangana mpaka mwisho wa macho, madirisha kwa madirisha, na kila dirisha lina taa kama zile. Alifikiria matangazo ya chanjo aliyoyasoma mwaka huo, kwa bidii, kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani. Wote wale hawakuyapata. Aliwaacha wao, akijisifu kwamba hajamwacha mtu.

Jioni alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akasema tu, "Kalale kidogo, mwanangu. Na siku nyingine uniambie ukweli, hata kama unachoma." Yakaisha.

Mkutanoni kundi lake lilikaa nyuma likisubiri alipue bomu. Alisimama akasema, "Meneja amesema kweli. Mjini hatusikiki. Nimesikia kwa masikio yangu kwamba hatusikiki." Watu wakatazamana. "FM iwashwe, tena ingefaa iwe imewashwa jana. Lakini wa zamani usizimwe. Meneja, hujawahi kukutana na watu wa ng'ambo. Njoo kesho studio, ukae upande wa simu."

Meneja akaenda, labda kwa kutaka amani tu. Asubuhi hiyo Mama Hewani hakuomba maoni wala hakuwalalamikia wasikilizaji. Aliwaambia, "Kama unanisikia, nipigie. Niambie uko wapi na mikono yako inafanya nini sasa hivi."

Simu ziliingia bila kupumua, na meneja akazipokea kwa mkono wake mwenyewe. Muuguzi wa zahanati ya mbali alikuwa anachemsha vyombo. Wachonga mawe walikuwa wametundika redio juu ya mti pale machimboni ili kila mmoja asikie. Mwanamke mmoja alisema ana ng'ombe anazaa, mguu mmoja umetoka, hebu aombewe, akakata. Meneja aliduwaa na simu mkononi. Kipindi kilipokwisha, mwanamke yule akapiga tena: ndama dume, mzima. Studio nzima ikapiga makofi, na meneja akiwamo, tai imeenda upande.

Alikwenda kwa wenye kituo akawaambia anataka masafa yote mawili. Walimkatalia, akarudi, wakamkatalia tena. Fundi Waya alipoahidi kwamba mtambo wa zamani unaweza kupunguzwa ulaji wa umeme nyakati za mchana bila kuwapoteza watu wa ng'ambo ya mto, ndipo wakakubali kujaribu.

FM ilipowashwa, Mama Hewani alifungua kwa sauti yake ileile iliyolelewa na ngurumo. Simu ya kwanza kutoka mjini ilikuwa ya dereva wa teksi.

"Mama, shikamoo. Samahani, mbona unatugombeza asubuhi yote hii? Abiria wangu kaomba radhi na hajui kosa lake."

Alicheka hewani mpaka akapaliwa. Lakini nyumbani alishika tama. Kwenye FM kila pumzi inasikika, kila mkwaruzo wa koo. Sauti ya kumfikia mtu wa shambani ilikuwa kelele kwa mtu aliye kitandani. Akaanza kusema polepole, kwa ulaini. Siku ya pili ng'ambo ya mto wakapiga simu kuuliza kama anaumwa.

Wengine wangesema nimezeeka, tafuteni mwingine. Yeye alirudi shule. Mchana, studio ikiwa tupu, alikaa na Fundi Waya wakirekodi na kusikiliza: FM kwenye spika hii, AM kwenye ile. Fundi aliupa kila mtambo marekebisho yake, na Mama Hewani akafanya sehemu iliyobaki, ambayo hakuna mashine ingemfanyia. Alijifunza kuacha nguvu huku akishika neno, kulimaliza neno bila kulisukuma. Kwa mwanamke wa umri wake ilikuwa kama kujifunza upya kutembea. Kuna siku alitoka studio akitupa makaratasi. Kesho yake alikuwepo.

Muda mrefu baadaye, dereva wa lori alisimama mapokezi akaomba kumwona. Alikuwa mtu mnene, kofia mkononi, ana aibu.

"Mama, mimi huwa natoka mjini nakusikiliza FM. Nikifika juu ya mlima unaanza kupotea, nahamia AM. Juzi nilibadilisha ukiwa katikati ya sentensi, nikakukuta hujaimaliza. Sikupoteza hata neno."

"Na sentensi yenyewe ilikuwa inasema nini?"

Dereva akakuna kichwa. "Hapo sasa, mama, sikumbuki. Nilikuwa nafurahia kukukuta."

Mama Hewani akamshika mkono, akamwingiza ndani amwonyeshe studio.