Mtalii wa Baiskeli na Dume Mweupe

Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa ya ngamia hotelini Banissa alipoingia jamaa wa Nairobi, kavaa kaptula ya kubana, baiskeli yake imesheheni mizigo. Mfugaji aliyekaa karibu na mlango alimsalimu, akayatazama magoti yake, akamuuliza anatafuta nini.

"Natalii tu, mzee. Nimepita vilimani, nikazunguka ziwa la maji ya mvua, nikapiga picha magofu ya ngome."

Mfugaji akaweka kikombe chini. Huku kwetu hakuna anayepanda vilima, akazunguka maji na kuchungulia magofuni bure bure. Hiyo ni njia ya mtu aliyepotelewa na mnyama.

"Walal, ndugu yangu, usione aibu," akasema kwa upole. "Hiyo ngamia yako iko rangi gani?"

"Mimi sina ngamia!"

"Wallahi, hata mimi yangu ilipopotea nilikuwa na hasira hivyo hivyo."

Hoteli nzima ikamhurumia, akaletewa chai. Simu zikatolewa. Jamaa akaapa, akacheka, akatandaza ramani yake mezani, nayo ikawa ndio ushahidi kamili kwamba ametafuta sana. Mwishowe akachoka kubisha.

"Haya basi. Dume. Mweupe. Ana chapa shingoni."

Chai yake haijapoa, simu ya mfugaji ikalia. Akasikiliza, akatabasamu, akampiga begani.

"Alhamdulillahi! Imepatikana."

Kuna wanaosema huku hakuna huduma kwa watalii. Huyu wetu mimi nilimwacha akichaguliwa kamba ya kumfungia ngamia nyuma ya baiskeli.