Wimbo uliotungwa mbele ya mlango wa dada

Saa mbili asubuhi, mvuke umetanda kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mama Mashuka, kama wauguzi wanavyomwita, anakung'uta shuka, analikunja mara nne, analiweka juu ya rundo. Kwa siku hukunja zaidi ya mia mbili. Redio ya mwenzake inapiga wimbo ambao siku hizi haukosekani misibani: "Nipo Kizingitini".

"Watu wanadhani ni mlango wa mbinguni," anasema akicheka. "Ni mlango wa dada yangu. Wa mbao, kitasa kibovu."

Aliutunga yeye, miaka tisa iliyopita.

Mama yao alipougua ghafla, dada mkubwa alikuwa mjamzito, na daktari alikuwa amemkataza kutoka kitandani. Mama akamsihi mdogo: "Usimwambie dada yako. Akisikia atafunga safari, mimba iharibike." Mdogo akatii. Siku nne baadaye mama akafariki, akazikwa kifungua mimba wake hana habari.

"Mtoto alizaliwa salama," anasema, mikono ikitulia juu ya shuka. "Ndipo nikamweleza dada. Akaniambia, 'Basi na mimi umenizika hukohuko.' Akafunga mlango."

Kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya ibada, alikwenda kupiga hodi. Hakufunguliwa. Alichosikia ni mtoto akicheka ndani, mtoto ambaye yeye alikuwa hajawahi kumbeba.

Jumapili moja maneno yakamwishia. Akaimba:

"Nipo kizingitini, sina la kujitetea,
Rehema ndiyo hodi yangu, nifungulie."

Aliporudia mara ya tatu, kitasa kikalia. Dada yake, aliyeimba naye kwaya tangu utotoni, alikuwa amesimama, macho mekundu.

"Wimbo umeuanzia juu mno," alisema. "Ingia tuushushe."

Waliushusha wakilia, mtoto kapakatwa na mama yake mdogo. Mwezi uliofuata kwaya yao ikauimba kanisani, kisha kwaya nyingine zikauchukua.

Mbona yeye hawasahihishi wanaouimba makaburini?

"Niwasahihishe nini? Mungu naye ana mlango wake. Mimi kubisha nilijifunzia kwa dada."

Hata hivyo, dada hajawahi kufika kwenye kaburi la mama. Kila akijiandaa, huishia kuahirisha safari. Wiki iliyopita alipiga simu mwenyewe: "Mdogo wangu, Jumamosi nipeleke."

Mama Mashuka ameshaomba ruhusa kazini.

"Nimemwambia atangulie yeye," anasema. "Safari ile nilimzika mama bila yeye; safari hii mimi ndiye nitakayefuata nyuma."